Harufu ya Utupa

Muuza dawa za asili hapa Kariakoo anatwanga utupa wa kuulia kupe, na ile harufu kali ya majani mabichi inanirudisha kijijini.

Kijiji kilikuwa kimefunga mwamba usivuliwe ili pweza wakue. Asubuhi ya kuufungua, maji yalipokupwa, mama alichokoa shimo baada ya shimo, nami nikimfuata na kapu. Pweza wote walikuwa wamekufa. Akanusa maji.

"Kuna mtu amevua hapa kwa utupa," akawaambia wenzake. "Akijulikana, kijiji hiki anahama."

Nyumbani, baba alinyoosha mkono kunipokea kapu. Mama akaushika ule mkono, akaunusa, akafunga mlango.

"Ukiulizwa," akaniambia taratibu, "baba yako ana homa tangu jana."