Kishingo Aliyezimia Mchana

Mimi riziki yangu ni kuchinja kuku. Kabla jua halijapanda juu ya barabara ya Iringa, kuku sita wa kienyeji wameshanyonyolewa na wako sufuriani, na madereva wa malori waliolala hapa Mikumi wanaamshwa na harufu ya tangawizi yangu. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sina huruma ya kuku. Kuku kwangu ni paja, ni bawa, ni firigisi ya mteja wa kudumu. Kwa hiyo siku utingo mmoja aliponikuta nimechuchumaa nyuma ya banda, nimempakata kuku mzima, namnywesha uji wa ulezi kwa kijiko cha chai, alirudi mbele akawaambia wenzake kuwa mama wa supu amechanganyikiwa. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo.

Kuku mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa mama yangu, kishingo wa rangi ya kahawia, shingo tupu nyekundu kama imechunwa, na hasira za mwenye nyumba anayedai kodi. Mama alikuja naye kutoka Kilosa baada ya masika kuulowesha ukuta wa chumba chake mpaka ukalala chini. Nyumba ile iko karibu mno na mto. Marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli, aliijenga pale akiamini kwamba mto una adabu. Hauna. Ndugu zangu wako mbali, mimi ndiye niliye karibu, nikaenda kumchukua. Alikataa siku tatu. Siku ya nne akakubali kwa sharti moja, na akalitamka mbele ya majirani ili lisije likageuzwa njiani: atakaa Mikumi kwa muda ambao kuku wake atakaa. Kishingo akifa, au akikutwa kwenye sufuria yangu, yeye anapanda gari anarudi kwake, ukuta uwepo usiwepo.

Nililiona sharti jepesi. Kuku wa kienyeji anaishi hata kwa matusi. Nilichokihofia ni presha ya mama, si kuku. Hospitali walikuwa wamempa vidonge vya kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwekea kidonge kwenye kisosi, pembeni ya chai na kipande cha ugali wa jana ambao hapendi kuuacha mpaka leo, kisha nikakimbilia wateja wangu. Baadaye nikipita nauliza dawa kama imeliwa. Ananijibu imeliwa. Naendelea na kazi.

Mwezi wa pili wa kukaa kwao Kishingo akaanza vituko.

Asubuhi alikuwa mzima kuliko mimi. Anafukuza mijusi, anamchokoza jogoo wa jirani, anapekua majivu ya jikoni na kuyamwaga yote. Ikikaribia saa sita anaanza kunywa maji, na si kule kunywa kwa kuku, kudonoa tone na kutazama juu. Alikunywa kama rejeta ya lori lililotoka kupanda mlima wa Kitonga. Kinyesi chake kikawa maji matupu. Saa nane anayumba, anakaa, shingo yake ile tupu inalala mchangani na macho yanafunga nusu. Mimi nasimama juu yake nimeshika kiuno, nasoma sala ninazozijua na nyingine ninazobuni. Kesho yake asubuhi namkuta anafukuza mijusi.

Ugonjwa wa kuku hapa kwetu hauhitaji daktari, maana kila mtu ni daktari. Dada anayenisaidia kukanda chapati alisema ni mdondo. Nikamwambia mdondo hauna likizo. Ukimshika kuku leo, keshokutwa unamfukia, haumwachii asubuhi akapigane na majogoo. Jirani yangu mfugaji, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, alimtazama Kishingo kwa muda mrefu akasema ni minyoo, akaniletea majani ya mwarobaini. Yule wa duka la dawa za mifugo aliniuzia unga wa njano wa kuchanganya kwenye maji. Dereva mmoja wa Tunduma, huku akitafuna mfupa wa marehemu mwenzake Kishingo, alisema kuku ametupiwa jicho. Mimi nilifanya yote. Nilikamua mwarobaini, nilikoroga unga, hata hirizi ningemvalisha, shingo si ilikuwa wazi.

Aliyekuwa ametulia ni mama peke yake. Aliketi kwenye mkeka wake akipeta mchele, akimtazama kuku wake akianguka, na kila siku alisema neno lile lile, kwamba nimwache, kesho ataamka. Nilidhani ni imani ya uzeeni. Nilimwonea wivu kidogo.

Maana mimi sikuwa na imani, nilikuwa na woga. Vuli zilikuwa zinakaribia na ukuta wa Kilosa ulikuwa bado chini. Nilikuwa nikikata vitunguu naona mama yangu kalala peke yake kule, maji yanaingia chini ya mlango, na mimi niko huku nauza supu. Nilimjua. Mwanamke yule akishatamka jambo mbele ya majirani, halirudi. Uhai wake, kwa hesabu yangu, ulikuwa umening'inia kwenye shingo ya kuku.

Wokovu ukaja siku ya Alhamisi. Bwana mifugo wa upande wa Ruhembe, ambaye hupita kunywa supu akitoka kutazama mbuzi za watu kule kwenye miwa, nilimvuta mkono kabla hajamaliza bakuli. Alimpindua Kishingo, akamfungua mdomo, akamnusa, akauliza anakula nini. Nikamtajia: pumba, mijusi, makombo, majivu, heshima yangu. Hakucheka. Akasema kuku anayeugua kwa saa, ana kitu anachokula kwa saa. Nimfungie chini ya tenga siku mbili, nimlishe mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na mtu mwingine asimkaribie.

Nikamfungia. Siku ya kwanza saa nane ikafika, nikaacha wateja, nikaenda kuchungulia. Kishingo alikuwa amesimama wima, ananitukana. Siku ya pili vivyo hivyo. Kinyesi kikakauka, maji akanywa kistaarabu. Aliyeharibikiwa siku zile mbili alikuwa mama. Hakukaa na mchele wake. Mara mbili nilimkuta amesimama karibu na tenga, mkono mmoja ameufumba, nikamwondoa kwa heshima nikimwambia bwana mifugo amekataza. Nikadhani amemmiss rafiki yake.

Siku ya tatu nikamfungulia, nikajificha nyuma ya rundo la kuni. Nilikuwa nimeamua kuwa kuna jirani anamwaga sumu, na nilikuwa nimeshamchagua jirani mwenyewe, na maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tayari. Mama alimaliza chai. Akachukua kile kipande cha ugali, akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachukua kidonge kutoka kwenye kisosi, akakitia ndani na kulifunga vizuri kama mtu anayefunga sambusa. Akaita kwa ulimi. Kishingo akaja mbio, mabawa wazi.

"Haya, mwenzangu," mama akamwambia. "Nisaidie."

Kishingo akameza.

Nilitoka nyuma ya kuni. Kwa mama yangu sauti yangu haipandi, ilifundishwa hivyo tangu utotoni. Siku ile ilipanda nusu ya njia, ikaona aibu, ikashuka ikawa kicheko. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwezi mzima nilikuwa natibu presha ya kuku. Na mama hakuwa amesema uongo hata siku moja, kwani nilipouliza kama dawa imeliwa, ilikuwa imeliwa. Zile za siku mbili za tenga alikuwa nazo, amezifunga kwenye pindo la kanga, kwa sababu kwetu dawa haitupwi. Alipomwona Kishingo anazimia alikuwa ameanza kuwaza azikate nusu, akidhani dozi ni kubwa kwa umbo lake. Alinieleza hivyo kwa sauti ya muuguzi.

Kisha kicheko kikaisha, nikaona kilichobaki. Mwezi mzima mama yangu hakuwa amemeza dawa.

Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kukusanya makombo kwenye mkeka.

"Hicho kidonge kinanipeleka chooni," akasema. "Mara sita, mara saba, jua halijafika utosini. Na choo chako kiko wapi?"

Choo changu kiko mbele, upande wa maegesho. Kukifikia kutoka chumba cha mama unapita katikati ya mabenchi yangu. Wanaokaa pale ni watu wenye malezi: akipita mwanamke mzee, kijiko kinatua, kofia inavuliwa, na kila mmoja kwa zamu yake anasema shikamoo bibi. Na mama yangu hajawahi kuitikia marahaba huku anatembea. Kwake huko ni kumtupia mtu salamu kama mfupa. Husimama. Huitikia. Huuliza safari imekuwaje, na watoto huko nyumbani hawajambo. Kisha anageukia wa pili.

"Marahaba kumi na nane," akasema, "na kopo mkononi. Nikitoka, wale wameondoka, wamekuja wengine."

Nilianza kucheka tena. Yeye hakucheka. Akatazama pembeni, upande wa kuni.

"Siku moja sikufika," akasema.

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nikakumbuka kanga aliyoifua mwenyewe mchana wa siku moja ya kazi, na nilivyomgombeza kwa kufua wakati maji ni ya shida. Niliona haya mbele ya mama yangu kama sijawahi kuona, na mimi si mtu wa kuona haya.

Hospitali, tulikokimbilia siku ile ile, muuguzi alimpima, akatazama mashine, akampima tena mkono wa pili. Walituweka pale mpaka jioni, na tulipotoka niliambiwa, kwa maneno machache yasiyo na mapambo, kwamba tumewahi.

Kesho yake nilisimama mbele ya madereva wangu kabla ya kugawa supu. Nikawaambia kuanzia leo, bibi akipita na kopo, hakuna shikamoo. Wakagoma. Mmoja wa Mbeya, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema yeye hakulelewa hivyo, bora aache supu. Tukajadiliana kama bunge. Mwishowe tukakubaliana kuwa mtu hawezi kumnyima salamu mzee aliyemwona, lakini asiyemwona hana kosa. Hivyo kwa wiki mbili, kila mlango wa mama ulipolia, madereva kumi na nane waligeuka kwa pamoja kuitazama barabara kwa makini, kama kuna twiga anavuka na mkoba. Mama alipita kichwa juu. Wapita njia walisimama nao kutazama, wakashangaa hawaoni kitu.

Wiki hizo mbili fundi alikuwa nyuma, anatoboa ukuta na kujenga choo kingine mlangoni pa mama. Mama alimsimamia kama baba alivyowasimamia watu wa reli. Siku ya mwisho alimwonyesha fundi nafasi iliyobaki kati ya choo na ukuta, akamwambia ajenge hapo banda la kuku. Fundi akauliza la kuku mmoja? Mama akasema la kuku kumi na wawili, na liwe na paa la bati, lisilovuja. Nilikuwa nachuja mafuta. Niliendelea kuchuja, sikugeuka, nikiogopa kuwa nikigeuka atabadili mawazo.

Jioni nikampelekea maji ya kuoga. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikera tangu siku ya kuni: kwa nini hakuniambia tu. Alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Kuku ulimuuliza kalalaje, kala nini, kanya nini," akasema. "Mimi uliniuliza dawa."

Nikachukua ndoo nikatoka.

Asubuhi iliyofuata nilipunguza moto, nikaenda kuketi kitandani pake. Nikampa shikamoo, akaitika. Nikamuuliza amelalaje, na nikabaki nimeketi. Alinitazama kwanza, kuhakikisha. Kisha akaanza na goti la kushoto. Alipomaliza goti akaingia kwenye mgongo, na kutoka mgongoni akaingia kwenye ndoto aliyomwota baba. Harufu ya supu iliyoshika chini ilitufikia mle ndani, na mbele nilisikia vijiko vikigonga meza, wananiita. Nikawaacha waite.