Kiende na Bendera ya Manjano Nje ya Adeni

Mama mdogo Kiende alisafiri kwa meli mara moja kwenda na mara moja kurudi. Mpaka uzeeni alikuwa akiisimulia safari ile amesimama, kwani alisema akiketi maneno yanamkwama.

Alizaliwa Mikinduri, huko Meru, akimfuata mama yangu Karimi. Ndui ilipopita kwetu alikuwa na miaka saba. Iliwaua watoto wawili wa boma lao, yeye ikamwacha hai, na uso umejaa mashimo madogo kama vumbi lililopigwa na matone ya mvua. Wachumba hawakuja. Akaenda misheni ya Kaaga kujifunza kushona na kulea, kisha akaandikwa kazi ya uyaya mjini Embu, nyumbani kwa mhandisi mmoja Mzungu wa barabara.

Huko ndiko Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni ilikomkuta. Kufikia mwaka wa hamsini na tano, watu wa kwetu walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa. Kaka yao Kathuri alikuwa kizuizini Manyani. Mama yangu alikuwa akichimba mtaro huo huku mimba yangu iko tumboni. Kiende alituma sukari na sabuni kila alipopata mtu wa kumpa, na kila mwezi alikuwa na hofu kwamba pasi yake, karatasi ya ruhusa ya kutembea, haitagongwa muhuri.

Basi siku moja Memsabu, mke wa mhandisi, akamwambia kwamba wanakwenda Uingereza kwa likizo ya miezi sita, na kwamba mtoto wao Anna, wa miaka miwili, hakubali kulishwa na mtu mwingine. Je, atakwenda? Kiende aliniambia alijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Karatasi zake ziligongwa mihuri mitatu, ya Embu, ya Nairobi na ya Mombasa, na kabla ya kusafiri walichanjwa wote.

Gari la moshi lilipita Manyani kukipambazuka. Alisimama dirishani akaona nyaya, minara, na safu za mabati zisizo na mwisho. Aliangalia kwa nguvu zote, kama kwamba angeweza kumtambua Kathuri kati ya maelfu. Kisha vichaka vikafunika, na jua lilipopanda juu akaiona bahari.

Meli ilikuwa nyeupe, nyumba juu ya nyumba, na iliweza kumeza soko zima la Mikinduri pamoja na punda wake. Ilikuwa na abiria mia tatu na wafanyakazi zaidi ya mia. Bomba moja lilitoa maji ya moto na la pili maji ya baridi. Kulikuwa na bwawa la kuogelea juu ya bahari, jambo lililomchekesha siku nzima. Injini ilipoanza kunguruma aliisikia kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikamfika kifuani, naye akashika chuma cha sitaha na kuangua kicheko peke yake.

Mayaya walikula pamoja na watoto katika chumba cha kulia cha watoto. Aliyewapakulia alikuwa Saad, kijana wa Mombasa mwenye koti jeupe na maneno mengi. Alikipenda Kiswahili cha Kiende kwa sababu kilimpa kazi ya kukisahihisha. Kiende aliposema mtoto ako na njaa, Saad alisimama na sahani mkononi akamuuliza kwa upole, "Dada, hiyo *ako* imetoka wapi? Sema *ana*."

Siku ya pili baharini Saad hakusema neno. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akishika kiuno kila akiinama. Alimwambia Kiende ni homa ya mafua tu, na kwamba akilala atapoteza kazi. Siku ya tatu alijipaka poda usoni. Siku ya nne, saa sita mchana, aliinama kumwekea Anna bakuli la supu, na mkono wa koti ukapanda. Kiende akaona kifundo cha mkono wake. Vipele vilikuwa vimejipanga chini ya ngozi, vigumu, kama punje za mtama.

Alimbeba Anna akaondoka mezani. Wala hakutembea, alikimbia. Alipanda ngazi ambazo yaya hakuruhusiwa kupanda, akapita sitaha ambayo hajawahi kuikanyaga, akaingia ukumbini ambako bendi ilikuwa ikipiga muziki na watu wa daraja la kwanza wanakunywa. Watu wakageuka. Alimpata Memsabu karibu na dirisha, akamwinamia sikioni.

"Memsabu, yule Saad ako na ndui. Ameshika sahani ya kila mtoto."

Memsabu alikuwa amekaa Meru na Embu miaka minane. Aliutazama uso wa Kiende, akaweka bilauri chini, wakaenda wote kwa daktari wa meli.

Daktari alikuwa kijana, mpole, na hajawahi kuona ndui isipokuwa kwenye vitabu. Alimwita Saad, akamvua koti, akaangalia, akasema kwa Kiingereza kwamba ni tetekuwanga. Akaanza kuandika jina la dawa. Memsabu alimtafsiria Kiende. Hapo ndipo, alivyosema mwenyewe, moyo wake ulipoanza kwenda mbio kama punda aliyekatika kamba. Yeye alikuwa yaya, mwanamke wa Kimeru katika mwaka ambao Mmeru alinyamaza mbele ya kila mwenye kofia. Hata hivyo alisema.

"Mwambie daktari, tetekuwanga inajaa kifuani na mgongoni. Mgongo wa huyu ni safi. Yake iko usoni na mikononi. Avue viatu, tuangalie nyayo."

Daktari alisita, kisha akapiga goti. Saad alivua viatu. Katika nyayo zote mbili punje zile zilikuwa zimekaa, za ukubwa mmoja, za umri mmoja. Daktari aliposimama alikwenda moja kwa moja kwa nahodha, na hakufunga mlango nyuma yake.

Saa moja baadaye meli ilikuwa nyingine. Bendi ilinyamaza. Maji ya bwawa yakaanza kumwagwa. Vyumba vya kulia vikafungwa, kila mtu akaamriwa kubaki karibu na chumba chake. Chanjo iliyokuwa kwenye barafu ya daktari ilitosha watu sitini tu, kwa hiyo wakaanza na watoto na wale waliofanya kazi pamoja na Saad, hata waliokuwa wamechanjwa zamani. Kiende alishika mikono midogo mmoja baada ya mwingine, akiwaimbia nyimbo za kuchuma maharagwe, huku daktari akichanja na jasho likimdondoka puani.

Aliniambia ndipo alipoelewa meli ni kitu gani. Ukiwa shambani ugonjwa ukija unaweza kukimbilia kwa shangazi upande wa pili wa mto. Hapa hewa ni moja, jiko ni moja, ngazi mnashika nyinyi nyote, na nje ni maji. Alikumbuka kijiji kilichozungushiwa mtaro, jinsi tumbo la kuhara lilivyoingia kwenye kibanda kimoja na kufikia Jumapili likawa limekwisha kuvitembelea vyote.

Saad alilazwa kwenye hospitali ndogo ya tezini, nyuma kabisa ya meli, vyumba viwili vyenye mlango wa chuma. Ikawa hakuna wa kumpelekea chakula. Wapishi walikataa, wahudumu walikataa, na muuguzi wa pekee wa meli alikuwa akiendelea kuchanja. Kiende akamwambia Memsabu kwamba aliyeugua ndui akapona haimrudii tena, na kwa hiyo yeye ndiye wa kwenda. Memsabu alilia. Kiende hakulia, alikuwa na haraka. Alimkabidhi Anna, akafunga leso kichwani, akachukua sinia, akaivuka sitaha yote tupu, na pande zote mbili nyuso zimebanwa kwenye vioo zikimtazama.

"Usinikaribie, dada," Saad alisema kutoka kitandani.

"Nilishakutana na hii mbele yako," Kiende akamjibu. "Fungua mdomo."

Siku iliyofuata walifika nje ya Adeni. Bendera ya manjano, ishara kwamba melini kuna ugonjwa, ilipandishwa, nanga ikatupwa mbali na bandari, na hapakuwa na ruhusa ya mtu kushuka. Mashua ya serikali ikaja na madaktari wawili wazee na makasha ya chanjo. Walimwangalia Saad dakika moja tu, wakasema ni ndui. Mmoja wao aliuliza ni nani aliyeitambua, na daktari kijana akamwonyesha Kiende kwa kidole bila kuona haya. Nahodha akakunja mkono wa shati mbele ya wote, akachanjwa wa kwanza, na foleni ikaizunguka meli mara mbili.

Mtu mmoja hakusimama kwenye foleni. Alikuwa bibi kizee Mzungu wa daraja la kwanza, aliyekuwa akija kila siku kwenye chumba cha watoto kuwapa peremende. Alitoa cheti kilichoonyesha kuwa amechanjwa mwezi uliopita, wakamwacha. Hawakujua kwamba rafiki yake aliye daktari alikuwa amemtilia sahihi tu, wakinywa chai, kwa kuwa bibi huyo aliogopa vidonda.

Wiki ya kwanza Saad alivimba mpaka macho yakafunga. Malengelenge yalijaa usaha, yakaungana mashavuni, na koo lilifunga hata maji yakawa yanapita tone kwa tone. Kiende alimsafisha kwa dawa ya zambarau, akamgeuza kila mara ili ngozi isigandamane na shuka, akamtia uji mdomoni kwa kijiko kidogo cha Anna. Saa zingine Saad aliweweseka akamwita mama yake, Mwanakombo, na Kiende aliitika. Daktari aliingia mara mbili kwa siku. Hawakuwa na lugha moja, lakini alikuwa akisimama kando yake na kutazama alivyofanya, na kufikia siku ya nne alikuwa akifanya vile vile.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili ya safari Kiende aligusa paji la uso la Saad, akaona limepoa. Akagusa tena kwa mkono mwingine, asiamini. Saad alifumbua jicho moja.

"Chai," alisema. "Yenye tangawizi."

"Ngoja, maji ako motoni."

"Maji *yako* motoni, dada."

Kiende alitoka mbio mpaka kwenye kamba iliyowekwa kuwa mpaka, akapaza sauti kwa watu wa upande wa pili kwamba anataka tangawizi. Wahudumu walielewa. Shangwe ilianza jikoni ikapanda sitaha kwa sitaha, hata watu wasiojua kwa nini wanashangilia wakashangilia.

Kesho yake walimleta yule bibi kizee. Alipoanza kuumwa mgongo alikiri habari ya cheti, lakini muda wa chanjo kumsaidia ulikuwa umepita. Kiende alimuuguza kama alivyomuuguza Saad, kwa mikono ile ile na kijiko kile kile. Bibi yule, ambaye siku zote alimwita "yaya" kama jina, alimuuliza jina lake, naye akamtajia, na tangu hapo alimwita Kiende mpaka siku ya nane, alipofariki. Alizikwa baharini mchana, na nahodha alisoma sala. Kiende alisimama peke yake tezini, akasali kwa Kimeru.

Baada yake hakuugua mwingine. Siku ya ishirini na sita ya safari bendera ya manjano ilishushwa. Kiende alioga kwa dawa, nguo zake zikachomwa, na pasi yake ikapitishwa kwenye mashine ya mvuke ikatoka imekunjamana kama jani la mgomba lililokauka. Honi ya meli ililia mpaka vioo vikatetemeka. Aliivuka sitaha ile ile, lakini safari hii watu walikuwa wametoka, wanapiga makofi, na Anna alijinyofoa mkononi mwa mama yake akaja mbio akianguka na kuinuka.

Uingereza aliiona. Alisema ni baridi, na chai yao ni nzuri. Alichopenda zaidi kukisimulia ni ule mfereji wa Suezi, jinsi meli ilivyopita katikati ya mchanga na ngamia wakaitazama.

Alirudi mwaka uliofuata. Kwenye kizuizi cha barabara ya Embu polisi aliigeuza pasi ile iliyokunjamana, akamuuliza kwa ukali imekuwaje. Alimweleza kwamba ilikaa kwenye chumba cha ndui. Polisi aliirudisha kwa ncha za vidole na kumwambia apite. Saad alipata kazi bandarini, akaoa, na binti yake wa kwanza alimpa jina la Kiende, jina ambalo majirani zake wa Mombasa hawakuliweza. Kathuri alitoka Manyani mwaka wa hamsini na nane, amekonda, na alikuwa hai.

Lakini kabla ya hapo ilikuja habari kwamba kuna ndui huko chini, kwenye nyanda kavu za Embu, na wachanjaji wakatumwa kila kijiji. Kwetu Mikinduri wanawake walikataa. Serikali iliyowachimbisha mitaro haikuwa serikali ya kunyooshewa mkono. Wengine walisema dawa ile inafunga uzazi. Mchanjaji, bwana mmoja aitwaye Munyi, alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake Kiende alipofika kwa miguu. Hakuwahubiria. Alisimama katikati ya uwanja akaanza tangu gari la moshi, bahari, mtama chini ya ngozi, nyayo, mashua, bibi kizee na cheti chake, na alipokuwa akimaliza wanawake walikuwa wamesogea mpaka hakuna nafasi ya kuku kupita.

Wa kwanza kukunja nguo begani alikuwa mama yangu. Nami nilikuwa mgongoni mwake, nikafuata.