Kamba ya katani ilivyogoma bwawani, mjomba wa mchumba wangu akiwa ndani ya mashua (Morogoro, enzi za Ujamaa)

Wakuu, kwema? Vijana wenye shikamoo zenu, marahaba, vuteni viti.

Nimeona mwenzetu anauliza kamba ipi inafaa kwenye mashua ya tanga. Nimecheka peke yangu hadi chai ikapoa. Haya ni ya kweli tupu. Mashahidi wapo hai na mmoja ana smartphone, kwa hiyo chumvi siweki.

Enzi hizo nilikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Morogoro mjini. Shamba lilipotaifishwa, mzungu aliyekuwa nalo aliondoka, akaacha bwawa, na ghalani mashua ndogo ya tanga.

Meneja mpya akasikia nimekulia Pangani. Akaniita: "Kijana, Mei Mosi nataka hicho chombo kitembee."

Mlingoti nikaukuta mzima. Tanga lilikuwa limeliwa na panya, kamba zimeoza. Ndiyo matokeo ya kukunja tanga bichi na kulifungia stoo. Lianike kwanza likauke, jamani.

Aliyeshona viraka ni Felista, fundi cherehani wa shamba, binti wa Kiluguru kutoka kule milimani. Tulikuwa tunapendana. Viraka vilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mnanielewa.

Sasa wakuu, kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Baba mtu unaweza kuelewana naye vizuri tu, lakini mwenye neno ni mjomba.

Na mjomba wa Felista alikuwa Mzee Pius, mnyapara wetu. Mtu mfupi, sauti ndefu. Alishanikataa waziwazi: "Huyu wa pwani atanibebea watoto wa ukoo wangu akawalee kwenye mawimbi."

Ikafika zamu ya henza, yaani kamba ya kupandishia na kushushia tanga. Nilitaka ya pamba, nyembamba, maana kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba juu ya mlingoti, lilikuwa na tundu dogo.

Mzee Pius akaja juu. "Tunalima mkonge sisi, halafu tufunge pamba? Kujitegemea kuko wapi?"

"Mzee, katani ikilowa inavimba. Itakwama kwenye kapi."

"Unanifundisha mimi katani?"

Akaleta kamba mpya ya katani, nene. Akaipitisha mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa kavu, ikapita. Felista alitia tu kisu cha kukatia mkonge kwenye kikapu chake.

Mei Mosi ikaamka na manyunyu. Shamba zima limejaa ukingoni. Mzee Pius akapanda na kaptura yake na soksi ndefu, akasimama mbele kama nahodha. Mimi usukani, Felista katikati.

Mara upepo ukashuka kutoka milimani. Tanga likajaa, mashua ikachomoka. Nalegeza henza nishushe tanga, wapi! Katani imevimba, imeng'ang'ania kapi. Bwawa lenyewe dogo, na mbele yetu ni ukuta wa mawe.

"Shusha tanga!" Mzee Pius alipiga kelele.

"Limegoma, Mzee."

Felista akatoa kisu. "Nikate?"

"Usikate! Mali ya umma hiyo!"

Nikageuza usukani, tukaukwepa ukuta chupuchupu. Upepo ukatuzungusha, ukaturudisha kule kule.

"Kata!" akasema sasa.

Felista, kwa upole kama anauliza bei ya nyanya: "Mjomba, mahari utapokea lini?"

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Naona mawe, Mjomba."

"Baada ya mavuno! Kata!"

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huuu!"

Ukingo mzima ulisikia.

Akapanda juu ya ubao wa kukalia, akakata kamba pale ilipofungwa kwenye mti unaoshika tanga. Tanga na mti wake vikamfunika Mzee Pius, akawa anatapatapa chini ya viraka. Mashua ikapoa, ikagonga matope taratibu.

Lakini alipokanyaga nchi kavu tu, akageuka. "Maneno ya majini hayahesabiki."

Wakuu, hapo kicheko kiliniisha. Felista ndiye hakukata tamaa. Alipanda mlimani kwa bibi yake, mama mzazi wa Mzee Pius. Bibi akatuita wote. Mimi nikakaa mkekani, kichwa chini.

"Ulisema au hukusema?" Bibi akamuuliza mwanawe.

"Mama, nilikuwa nakufa."

"Sijauliza ulikuwa unafanya nini."

Mzee akakohoa. "Nilisema."

"Basi."

Mavuno yalipokwisha tukafunga ndoa. Harusini Mzee Pius alicheza kuliko vijana, huku akiwaambia wageni kwamba kamba ile aliichagua makusudi, kupima kama nafaa kuwa mkwe.

Funzo kwa muulizaji: kamba ijaribu kwenye kapi ikiwa imelowa, usidanganyike na kavu. Na kisu cha chomboni kiwe kikali, akishike mtu mwenye akili kukuzidi.

Wenye uzoefu wa nailoni leteni maujuzi. Na nyie mliowahi kukataliwa na wajomba, semeni mlipenyea wapi.