Facteur mwenye jina Furaha

Leo nimejichimbia shimo mwenyewe, mbele ya classe yangu, craie mu mukono.

Niliandika ku tableau: (x − 2)(x + 5) = 0. Watoto wananiangalia tu.

Nikawaambia: "Waza famille yenye inapokea mahari. Papa anakubali, maman anakubali, ba tonton wanakubali. Shangazi mumoja akisema zero, yote inakuwa zero! Bière za mahari zinarudi Nyangezi, kwabo na muoaji. Basi tafuteni x yenye inafanya facteur moja, ni kusema parenthèses moja, ikuwe zero: 2, ao −5."

Wote wakaelewa. Nikajisikia muzuri sana, kweli.

Njo Furaha akainua mukono. Furaha ni mudogo wa fiancée wangu. Siku ya samedi ninapeleka mahari kwabo.

"Prof, na miye niko facteur?"

Nikamujibia mbio:

"Hapana. Wewe uko kama 3 mbele ya parenthèses. Haubadilishe jibu hata kidogo."

Akacheka polepole. "Na kama pa fasi ya 3 kuko zero, Prof?"

Watoto walipiga meza mpaka préfet, mukubwa wa masomo, akakuja kuangalia.

Nimemupatia vingt sur vingt, points zote. Musiseme ni rushwa, jibu iko juste kabisa!

Lakini mwenye anajua biscuit yenye Furaha anapenda, aniandikie mbele ya samedi.