Samaki Aliyezoea

Jumamosi iliyopita, saa kumi na nusu alasiri, bwana mmoja mwenye maneno mengi aliingia na mkewe katika duka la samaki wa mapambo, hapa Mji wa Kale.

Nyumbani ana tangi la samaki wadogo, wapole. Sasa alitaka kuwaongezea dume kubwa jekundu, kwa kuwa rangi yake inalingana na makochi mapya.

"Huyu hakai na wale, bwana. Ni mgomvi," mwenye duka alimwambia, akamwonyesha samaki mdogo aliyejibanza nyuma ya jiwe katika tangi la dume hilo. Mapezi kayabana, rangi imempauka. "Nilijaribu kuwaweka pamoja. Tangu jana huyu mdogo hali chakula."

Bwana akacheka. "Watazoeana. Mimi nina wake wawili nyumba moja, na huyu bi mkubwa amezoea. Muulize mwenyewe."

Bi mkubwa alikuwa nyuma yake. Hakumtazama mumewe. Aliinama, akamtazama samaki wa nyuma ya jiwe.

"Ndivyo tunavyozoea," akasema taratibu.

Bwana alikohoa, kisha akanunua dume lake vivyo hivyo. Makochi hayarudishwi.

Wanaume wa mji huu, samaki wa kupikwa tunamfunua matamvua tujue hali yake. Aliye hai nyumbani hatumwangalii hata usoni.

Mama yangu tulimzika mwezi uliopita. Naye alikuwa bi mkubwa, na baba akiwaambia wageni kwamba amezoea. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, asibanwe tena. Amina.