Sauti Moja ya Kifo na ya Furaha

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu ya dada yangu, yenye ilikuwa inanifinya, na shefu wa posti ya serikali hata hakunisalimia. Alinipa mikro ya kusemea na karatasi, akasema: "Soma." Ilikuwa Djugu, wakati telefone ya mukono ilikuwa haiyafika. Mutu akifiwa, na ndugu zake wako Aru, alikuja kwetu ku foni, ile redio ya batri yenye posti zilikuwa zinaitana nayo. Habari ya kwanza ilikuwa ya mama mumoja amekufa, watoto waje. Nikaanza kulia ndani ya mikro.

Shefu alininyanganya, akasoma yeye mwenyewe, pole pole, sawa mutu anataja bei ya chumvi. Kiisha akanigeukia.

"Weye ukilia, ule wa Aru anashika nusu ya jina. Watamulilia mutu mwenye angali muzima! Machozi uikamate mupaka ufike kwenu."

Alisema kweli. Foni ilikuwa na makelele, na batri ilikuwa inaisha mbio. Nikajifunza sauti yenye haipande, haishuke: mutoto amezaliwa, muzee amekufa, sauti ni moja. Unajibiwa "bien reçu", njo kusema wamepokea, unaenda ku habari ingine. Shida ni kwamba nilikuwa nafika nyumbani, na machozi inakataa kutoka.

Walinituma Aru, kiisha Bunia. Ni hapa Bunia kifo ya baba yangu ilinifikia, ku foni yangu mwenyewe. Nikajibu "bien reçu", nikaendelea na kazi. Shefu wa santre ya foni alinisifu mbele ya wote: "Muone opereta wa kweli!" Na mi nilijivuna, musinicheke. Bwana yangu Faustin, mwalimu, hakunisifu. Alipika chai, akaikala karibu yangu, akangojea nilie. Alingojea bure, masikini.

Foni ilikufa, nikaenda retrete, nikapumuzika na kazi, lakini ile sauti ilibakia. Faustin akiniambia nimependeza, namujibu: "Bien reçu." Anachekaga mupaka anakohoa. "Kumbe nilioa posti ya serikali!"

Juzi juzi tumbo ilimushika, tukaenda hospitali ya Nyankunde, docteur akasema wamupasue. Asubui infirmière, muuguzi wa pale, alikuja na kitanda ya magurudumu. Woga ilinikamata, na kinywa yangu ikasema: "Haya, uende. Tunangojea habari."

Safari hii Faustin hakucheka. Alishika kitenge yangu.

"Mama Vero, wananilalisha, na sijue kama nitaamuka. Usiniage sawa unasoma ku foni."

Aye, mama yangu! Nikainama, nikashika mukono yake. "Nakupenda, mubaya weye," nikasema. "Usiniache peke yangu mu ile nyumba. Naogopa sana." Nikalia na makamasi yote, mbele ya wagonjwa na wageni wao. Nilimulilia yeye, na pale pale nikamulilia na baba.

Infirmière alitaka kusukuma kitanda. Faustin akanyanyua mukono.

"Ngoja kwanza. Arudilie. Mi sikusikia muzuri."

Muongo! Alisikia yote. Nikarudilia.

Vijana wananiulizaga nafanya nini mu retrete. Kidonda ya Faustin imepona, tuko nyumbani, na kila asubui muzee anajifanya kiziwi. Njo kazi yangu sasa: narudilia.