Mkwe Aliyekaa Kungoja Nakala

Wateja walimwita Bi Herufi, kwa sababu barua yenye kosa la tahajia haikutoka mikononi mwake na kosa hilo, upende usipende. Alikuwa mchapaji. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, printa na viti viwili vya wageni, na juu ya rafu taipureta ya zamani iliyofunikwa kitambaa. Miaka nenda miaka rudi aliuandikia mtaa ule kadi za harusi, maombi ya kazi, mitihani ya shule, wasifu wa marehemu, na katiba za vikundi vilivyovunjika kabla wino haujakauka. Vyote vilikaa ndani ya kompyuta ile moja.

Kisha kompyuta ya mchapaji mwenzake wa mtaa wa pili ikafa, ikafa na kila kitu. Bi Herufi alikwenda kumpa pole, akamkuta amekaa mbele ya kioo cheusi kama mfiwa. Aliporudi hakutulia. Akampigia simu binti yake, na binti akasema atamtuma mumewe, ambaye ni fundi wa kompyuta.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkwe huyu hakuwa na baya lolote, ila hakuwa na maneno. Tangu aoe, kila akija alisema, "Shikamoo, mama," akaulizwa habari za kazi, akajibu nzuri, kisha akavitazama viatu vyake mpaka mkewe aseme tunaondoka. Bi Herufi alizoea watu wa kuongea. Moyoni alikwisha kata shauri kwamba kijana anaringa.

Alikuja asubuhi na diski ndogo ya kuingia mfukoni. Akaiunganisha kwa waya, akabonyeza hapa na pale.

"Tayari, mama. Imeanza kunakili. Itabidi kurudia kila wiki."

Skrini ilisema zimebaki saa mbili. Bi Herufi alipomaliza kufagia, ikasema saa tisa. Alipomaliza kumsikiliza mteja wa kwanza, ikasema siku nzima.

"Mwanangu," akasema, "hii mashine mbona inaongopa mchana kweupe?"

"Haiongopi, mama. Inakisia tu. Inaangalia kasi ya sasa hivi, inapigia hesabu safari iliyobaki. Ikikutana na mafaili makubwa inakimbia. Ikifika kwenye madogo madogo inajikokota."

"Yangu ni madogo."

"Ni madogo, na ni mengi kama mchanga. Kila moja lazima ilifungue, ilisome, iliandike kule, ihakikishe limefika, ndipo ishike lingine. Filamu nzima ingepita upesi kuliko folda moja ya kadi zako. Na hii kompyuta ni ya zamani, mlango wake wa waya ni mwembamba."

"Kwa hiyo kila wiki nitakaa nikiitumbulia macho hivi?"

"Hapana. Leo diski ni tupu, kwa hiyo inabeba nyumba nzima. Safari ijayo itauliza tu kipi ni kipya na kipi kimebadilika. Hivyo ni vichache, vitapita mara moja."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasikia kutoka kinywani mwa kijana yule. Bi Herufi akavuta kiti, akakaa.

Mkwe alimshauri asiisumbue kompyuta kwa kazi nyingine, maana zingegombania kasi. Kwa hiyo mteja alipoingia akitaka barua ya haraka, Bi Herufi aliishusha taipureta, akaipangusa vumbi, akaanza kuigonga huku akizungumza na mteja uso kwa uso. Mkwe aliinuka, akaja kusimama karibu.

"Mama, huangalii vidole?"

"Vidole vinajua kwao."

Alasiri majina ya mafaili yaliendelea kupita kwenye skrini, moja baada ya jingine. Mkwe akayasoma kwa sauti ya chini, akasita. "Punda Mwalimu Mkuu. Hii ni nini?"

Bi Herufi akacheka kabla hajajibu. Binti yake, alipokuwa mdogo, alikuwa akitoka shule anakuja kukaa hapo hapo, na katika kukaa akaandika hadithi ya punda aliyepewa ualimu mkuu. Siku ya kwanza kazini, punda aliwafukuza wanafunzi wote wasiojua kulia kwa sauti kubwa.

Mkwe alicheka mpaka akafunika macho kwa mkono. Bi Herufi hakuwa amewahi kuyaona meno yake.

"Ndiyo maana mpaka leo akiniita ananiambia niitike kwa sauti," kijana akasema.

"Na kwa nini huitiki? Hata kwangu unakuja kama umekuja kuungama."

Kijana akatazama chini, kisha akatabasamu. "Naogopa kukosea, mama. Siku ya kwanza kufika kwako nilisema nimefurahi kukuja. Ukaniambia ni kuja. Wazee wote walikuwa wamekaa."

Bi Herufi hakuikumbuka siku hiyo, lakini alijijua. Kicheko kikamtoka mpaka kinyozi akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.

Waliiacha kompyuta ikiendelea, wakafunga mlango. Asubuhi walikuta skrini nyeusi, na moyo ukampasuka Bi Herufi. Mkwe akagusa kitufe, akajikuna kichwa.

"Ililala, mama. Nilisahau kuizuia isilale."

"Na wewe ulilala?"

"Mimi pia nililala."

"Basi hamna deni. Tunaanza upya?"

"Hapana, inaendelea pale ilipoachia."

Ilimaliza mchana. Mkwe hakuridhika na hilo tu. Alifungua kadi ya harusi ya zamani kutoka kwenye diski yenyewe, kisha mtihani mmoja, kisha hadithi ya punda, akihakikisha vinasomeka. Nakala ambayo hujaijaribu, alisema, ni matumaini tu. Akashauri pia diski isikae chumba kimoja na kompyuta, maana moto na mwizi havichagui.

"Basi kaa nayo wewe," Bi Herufi akasema. "Kila wiki utaniletea."

Wiki iliyofuata aliileta. Kunakili kulikwisha kabla chai haijapoa, na kijana akaanza kukunja waya.

"Unakimbilia wapi?" akamuuliza.

Ikawa hakimbilii popote. Aliomba afundishwe kuchapa bila kutazama vidole. Bi Herufi akamketisha mbele ya taipureta, akamfunika mikono kwa kitambaa. Mteja aliyeingia alisikia pigo moja, kimya kirefu, kisha pigo jingine, akauliza kama mchapaji amepata mwanafunzi.

"Ni mkwe wangu," Bi Herufi akasema. "Usimsemeshe, anaitafuta A."